Uzi wa Kulia

Kidole gumba cha Bi Fakhriya kilipita kooni mwa kinyoya, kikarudi, kikapita tena. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake nyuma ya pazia la duka, karibu naye hata nikawa nasikia pumzi zake, na upande wa pili wanaume walikuwa wamenyamaza wakingoja. Mkono wa mumewe, Mzee Ubeid, ulikuwa bado umepenya kwenye pazia, kiganja wazi, ukingoja kurudishiwa. Bi Fakhriya akainua uso kuelekea mwanga wa uani, akasema:

"Huu si mkono wangu."

Hakuongeza neno. Mimi nikangoja aongeze. Nimengoja muda mrefu kuliko unavyomfaa mtu mwenye akili zake, maana baada ya siku ile nilihama mtaa, nikaota mvi, nikazika niliowazika, na kila niliposhika uzi niliyarudia maneno yale, nikiyageuza upande huu na upande huu, nijue kama nilisifiwa au nilikanwa.

Pengine hujui kinyoya ni nini. Ni ndoana iliyovishwa manyoya ya kuku na kuzungushiwa uzi shingoni. Mvuvi huirambaza, yaani huiburuta nyuma ya ngalawa bila chambo kingine chochote, na nguru au kolekole akiiona inavyochezacheza majini hudhani ni dagaa. Ni uongo mtupu, lakini uongo wenye fundi wake. Na katika Kariakoo nzima, miaka ile ya Mwingereza, kabla ya vita vya pili, fundi alikuwa mmoja, na wateja wake hawakupata kumwona uso.

Walichokiona ni duka la Mzee Ubeid, Mwarabu wa Kishihiri aliyeuza nyuzi, ndoana, nta na kamba pale Mtaa wa Kongo. Vinyoya vilining'inia mlangoni na watu wakaviita vinyoya vya Ubeid. Yeye hakuwasahihisha. Katika mambo mengine alikuwa mtu mwema, hakosi sala, hapitwi na maskini, anataniana na watoto wa mtaa mzima. Lakini alipovikwa kilemba cha ukoka kilimkaa sawasawa, hata akasahau kwamba aliyekuwa akifunga vile vinyoya ni mkewe.

Mimi niliingia nyumba ile kwa mlango wa uani. Nilikuwa nimeachwa na mume wangu wa kwanza, ambaye namshukuru Mungu alikuwa pia wa mwisho, nikarudi kwa mama yangu Mtaa wa Mkunguni na kuanza kushona kofia. Bi Fakhriya akaishika kofia moja niliyomshonea jirani yake, akaitazama kwa ndani, wanakotazama wajuzi, akaagiza: "Aliyeshona hii aje." Nikaenda mbio, nikidhani nitapewa kofia za nyumba nzima. Akanipa shingo ya jogoo.

"Chambua," akasema.

Nikachambua. Kuanzia siku hiyo sikuondoka.

Bi Fakhriya alikuwa na shoto. Alipokuwa mdogo walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ajifunze kula kwa wa kulia, na kula akajifunza. Kufunga kinyoya kwa kulia kulimshinda kabisa. "Samaki haulizi mkono," alikuwa akisema, lakini hakupenda watu wajue, na nadhani lile pazia la duka lilimsitiri shoto yake kuliko lilivyomsitiri uso. Basi uzi wake ulizunguka kushoto, na mimi niliyezaliwa wa kulia ilinibidi niufuate huko huko. Vidole viligombana. Nikifunga, kinafumuka, naye anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Sitara, huyo jogoo unamfunga au unamnyonga?"

"Alishanyongwa, Bi Fakhriya. Mimi namzika tu."

Lakini jambo la kwanza alilonifunza halikuwa kufunga. Lilikuwa kutaja. Kila alipoanza kinyoya, kabla uzi haujagusa ndoana, alisema kwa sauti ya chini, "Mkono wa baba." Baba yake alikuwa mvuvi huko kwao Shihiri na alifunga kwa manyoya ya ndege wa ufukweni. Manyoya ya jogoo yalikuwa wazo la Bi Fakhriya, na ule uzi kidogo wa zari kooni, aliokuwa akiuokota kwa washona joho, ulikuwa wazo lake pia. Baba mtu angefufuka akakiona kile kinyoya asingekijua. Hata hivyo alimtaja kila mara. Na akimaliza, akishakata uzi kwa meno, alisema, "Na mimi nimo."

Nilimwuliza mimi niseme nini.

"Useme mkono wangu. Si ndiko ulikotoa?"

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza unanyamaza. Mwanafunzi hayumo mpaka fundi wake aseme yumo."

Nikacheka, maana nilikuwa sijui kufunga hata kimoja, na mtu asiye na kitu hana cha kugombea. Binti yake, Hind, alikuwa bado nyumbani siku zile, lakini manyoya yalimpigisha chafya tangu utotoni, kwa hiyo hakupata kukaa nasi. Baadaye akaolewa Tanga. Tukabaki wawili uani, na jogoo wetu.

Mtoto wa jicho alimwingia polepole. Kwanza alisema macho yanawasha. Kisha akaanza kuniomba nimtilie uzi kwenye sindano. Kisha siku moja akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akakikosa, akakipapasa mpaka akakipata, akanywa, akasema chai leo imekolea. Nikajua, naye akajua kwamba nimejua.

"Usimwambie Baba Hind," akasema.

"Ataona mwenyewe."

"Haoni. Yeye ana macho mazima ndiyo maana haangalii." Akaweka kikombe chini taratibu. "Wakiambiwa sioni, Sitara, nitalazwa kitandani niwe ninaombewa dua. Mimi si maiti."

Nyumba ile aliijua kwa miguu na viganja, na mumewe kutwa alikuwa dukani. Siri ikakaa. Nikawa macho yake, halafu nikawa mikono yake pia. Mzee Ubeid alidhani kazi yangu ni kuchambua manyoya na kupaka uzi nta, kumbe vinyoya vyote vilivyoning'inia mlangoni pake vilikuwa vyangu. Naviita vyangu kwa sababu ya hasira tu. Nilianza kila kimoja kwa kusema, "Mkono wa Bi Fakhriya," nikamaliza kwa kunyamaza, nikampa. Yeye akapitisha kidole gumba kooni, akasikiliza uzi, akasema, "Wangu huu."

Mwanzoni maneno hayo yalinilevya. Kuiga kazi ya mtu mpaka mwenyewe aipapase na kuiita yake, si jambo dogo. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa madaha, mama akaniuliza kama nimepata mchumba. Lakini kadiri miezi ilivyopita nikaanza kuyaogopa. "Wangu huu." Nikatazama mikono yangu nikajiuliza ni ya nani. Nilikuwa nimekaribia umri wa kuitwa mtu mzima na katika dunia yote ya Mungu hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho ningekinyooshea kidole nikasema, hiki, bila Sitara kisingekuwapo. Niliwaonea wivu hata wapika vitumbua.

Siku zile ndipo alipozuka Zahoro. Huyu alikuwa na meza karibu na soko, akiuza kila kitu kinachouzika, na akaona vinyoya vinakwenda. Akafunga vyake, akaviita vya Ubeid. Kwa mbali vilifanana. Ukivilowesha mara moja tu, manyoya yanatoka yote unabaki na ndoana tupu, na mvuvi aliyepoteza siku yake baharini haendi kwa Zahoro, anakuja kwa Ubeid, na haji kusalimia. Mwiga tembo hupasuka msamba, lakini Zahoro aliiga tembo na msamba ukapasuka kwetu.

Bi Fakhriya ndiye aliyetoa dawa. "Waambie watazame uzi," alimwambia mumewe. "Wakishike kichwa kikiwatazama. Wangu unakwenda kushoto. Unaokwenda kulia si wangu." Mzee Ubeid, ambaye kwa maneno hakuwa na mpinzani Mtaa wa Kongo wote, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kesho yake alikuwa barazani anapaza sauti: "Tazameni uzi, jamani! Uzi wa kushoto, Ubeid! Uzi wa kulia, utalia!"

Watu wakaipenda. Watoto wakaiimba, wavuvi wakaibeba mpaka Msasani, na haukupita muda ikawa kila mtu mjini anayejua kushika mshipi anajua pia kugeuza kinyoya na kutazama uzi. Zahoro akajaribu kugeuza wake uende kushoto, vidole vikamkatalia. Mimi peke yangu ndiye niliyejua taabu aliyokuwa akiipata, na karibu nimhurumie.

Masika yakaja, na yalikuja kwa hasira. Jangwani pakafurika. Nilikwenda kumtazama shangazi yangu aliyekuwa na chumba ukingoni mwa bonde, nikamkuta amepandisha vyungu juu ya kitanda na yeye mwenyewe yumo humo katikati ya vyungu, anasuka mkeka. Nikiwa mlangoni kwake, maji yakipita chini ya miguu yangu, nikaona jogoo mfu amenaswa kwenye matete. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea maji yanakokwenda, kwa hiyo mkondo ulimpiga kinyume cha manyoya. Maji yakija kwa nguvu, manyoya ya shingo yanafumbuka. Yakilegea, yanafumba. Jogoo alikuwa amekufa siku nyingi, lakini ile shingo ilikuwa inapumua.

Shangazi akaniita nikaingia. Sikumbuki tuliongea nini.

Nyumbani nikakaa na ndoana na shingo ya jogoo. Nikayapanga manyoya yakitazama mbele, kinyume cha yote niliyofunzwa. Uzi wa kushoto ukayalaza. Nikafumua, nikafunga, ukayalaza tena. Nikajaribu kuubana zaidi, ukayavunja. Nilikwisha kukata tamaa, na nadhani ni ile tamaa iliyokatika ndiyo iliyoniachia mkono, maana bila kuamua lolote nikaona mkono wangu wa kulia umeuchukua uzi na kuuzungusha ulivyoumbwa kuuzungusha. Uzi ukashika. Manyoya yakasimama. Nikakitumbukiza kwenye ndoo, nikakivuta, na kile kinyoya kikafumbuka, kikafumba.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilipokianza nilikuwa nimesema "Mkono wa Bi Fakhriya," maana kweli ndiko nilikotoa. Nilipokimaliza nilinyamaza, lakini kwa mara ya kwanza kunyamaza kulinipa kazi.

Utauliza kwa nini sikumpelekea yeye kwanza. Nilitaka shahidi asiyenipenda wala kunichukia, yaani samaki. Nilijiambia nikimpelekea nitampelekea pamoja na habari, nitasema, Bi Fakhriya, kinyoya hiki kimevua, naye atakipapasa, atauliza mkono wa nani, nitamwambia, naye ataniambia nimo. Nilikuwa nimeyapanga mpaka mahali pa kukaa. Basi nikampa kwanza Mrisho, mvuvi wa Msasani aliyekuwa akimletea mama samaki.

"Nirambazie hiki," nikamwambia. "Kisha uje uniambie."

Uzi sikuufikiria kabisa. Kelele za Mzee Ubeid nilizisikia kila siku, na kinachosikika kila siku hakisikiki tena.

Mrisho hakurudi kwangu. Alijua nashinda kwa Ubeid, akaona kinyoya kitakuwa cha duka, akaenda dukani moja kwa moja, na alikwenda kwa furaha. Tulikuwa nyuma ya pazia, mimi na Bi Fakhriya, tulipomsikia anaingia na salamu zake za kelele. Dukani mlikuwa na wavuvi wengine, mmoja wao akiwa ameshika ndoana tupu ya Zahoro na kulalamika.

"Mzee Ubeid, leo nguru wameniaibisha!" Mrisho akasema. "Wamegombania ndoana kama wanagombania mirathi. Nataka vingine kama hiki, vyote ulivyonavyo."

Nikamshika Bi Fakhriya bega. Nilitaka kumwambia sikiliza, sikiliza.

Mzee Ubeid akakichukua kinyoya. Akakigeuza, akatazama uzi, akacheka. "Mrisho, ndugu yangu, umelizwa. Uzi wa kulia huu!" Wote wakacheka. Mmoja akaimba, "Utalia!"

"Nimelizwa na nani?" Mrisho naye akapata moto. "Nimepewa na huyu huyu Sitara wenu wa humu ndani!"

Kicheko kikakatika. Pazia likatikisika, mkono wa Mzee Ubeid ukaingia na kile kinyoya. "Mama Hind," akasema, "hebu nitazamie hiki."

Bi Fakhriya akakipapasa, kwa kuwa hakuwa na macho ya kukitazamia. Kidole gumba kikapita kooni, kikakutana na manyoya yaliyogeuzwa, kikasimama. Kikapita tena polepole, kikiufuata uzi mahali ambapo uzi haukupata kwenda katika maisha yake yote. Nilikiona kile kidole kinaelewa. Wallahi nilikiona. Kisha akasema aliyoyasema.

"Huu si mkono wangu."

"Kumbe panya yumo ghalani," sauti moja ikasema dukani.

"Sitara!" Mzee Ubeid hakuwa mtu wa kupiga kelele kwa hasira, na hata siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Tumekula nawe sahani moja. Ndiyo ukamfungie Zahoro?"

Nikafungua kinywa. Jibu lilikuwa limekaa tayari ulimini: vyote vinavyoning'inia mlangoni pako tangu mwaka juzi nimefunga mimi, kavitazame. Ndipo mkono wa kushoto wa Bi Fakhriya ukanidaka kifundo cha mkono. Alinibana mpaka nikahisi mifupa. Haukuwa mkono wa hasira. Nikamtazama, uso wake umeelekea mwangani na macho yametanda weupe, nikaona kitakachofuata nikisema. Mumewe atafunua pazia. Atamwuliza, mbele ya wavuvi wote wale, vidole vyangu vingapi hivi? Na bila ushahidi wa vile vya mlangoni, nani angeamini kwamba hiki nimekibuni mwenyewe?

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku ile wanyonge tulikuwa wawili na haki ilikuwa moja.

Nikafunga kinywa. Nikangoja aseme yeye. Angeweza kusema hata kidogo tu, asitaje macho, asitaje chochote. Angesema, "Lakini Sitara yumo." Yangetosha. Mpaka leo nasema yangetosha. Mkono wake ukalegea, ukaniachia, akageuka, akawa anapapasa mahali pa kukaa. Nikachukua buibui langu nikatoka kwa mlango wa uani, ule ule nilioingilia.

Kariakoo haihitaji kuambiwa jambo mara mbili. Kabla ya magharibi mtaa wote ulikwisha jua kwamba Sitara alikuwa akila kwa Ubeid na kumfungia Zahoro. Wateja wa kofia wakapata sababu, huyu kichwa kimekua, yule anasafiri. Bombani wanawake walimpisha mama yangu na ndoo yake kwa adabu kubwa, na adabu ya namna ile ni matusi. Mrisho akaja, amesimama mlangoni haingii. "Mimi nilikuwa nakusifu, Sitara," akasema. "Wallahi nilikuwa nakusifu." Nilijua. Nikamwambia aende zake salama.

Zahoro naye akaja. Huyo aliingia bila hodi.

"Bibi Sitara, jina ulishalipata," akasema. "Njoo upate na faida yake."

Nikamwambia heri ninuke jina peke yake kuliko ninuke jina pamoja na manyoya yake. Akacheka, hakukasirika. Zahoro hakuwa mtu wa kukasirika, na alikuwa hanihitaji sana, kwa maana kile kinyoya alikwisha kukiona sokoni mikononi mwa Mrisho, kabla hakijafika dukani. Manyoya mbele, uzi kulia. Mkono wake ulikuwa wa kulia. Kazi iliyomshinda kwa Bi Fakhriya, kwangu haikumshinda.

Tulihamia Buguruni, mimi na mama, wakati huo kukiwa mashamba zaidi ya nyumba. Kule hakuna aliyejua uzi wangu unaelekea wapi. Nikashona kofia. Siku moja nilirudi sokoni kununua nyuzi nikaviona, vimejaa meza nzima, vimefumbua shingo zao. Nikakishika kimoja, nikamwuliza muuzaji, kijana nisiyemjua, "Hiki mkono wa nani?"

"Wa Zahoro, mama. Kuna mwingine?"

Nikakigeuza. Fundo lilikuwa la ovyo, zari haikuwapo, lakini uzi ulishika na kilikuwa kinapumua. Nikakirudisha mezani. Niliumia, na sina neno zuri la kulipambia jambo hilo. Niliumia kila nilipopita pale, mpaka nikaacha kupita. Chanda chema huvikwa pete, tunasema, nami nilikuwa nimeiona pete yangu kwenye kidole kingine.

Habari za nyumba ya Ubeid zilinifikia vipande vipande. Siri ya macho ilikwisha yenyewe, Bi Fakhriya alipojikwaa mbele ya wageni wa Idi. Vinyoya vikaondoka mlangoni, Mzee Ubeid akabaki na ndoana na kamba. Ule wimbo wake ukafa, kwa sababu kila mtu sasa alinunua uzi wa kulia na hakuna aliyelia. Walionijua walitegemea kwamba Bi Fakhriya ataniita. Hakuniita. Mimi nami sikwenda, na usiku nilipomfikiria sikufikiri mema.

Mwaka ambao watu walianza kunong'ona juu ya vita vingine vya Wazungu, nikasikia amefariki. Sikwenda matangani. Niliketi kitandani na buibui langu mapajani, nimekwisha kulikunjua, mpaka jua likawa kali, kisha nikalikunja.

Matanga yalipokwisha anuliwa, Hind akaja Buguruni. Nilikuwa nimemwacha msichana wa kupiga chafya, akaja mama wa watu, amenenepa, na kikapu kimefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amerudi kutoka Tanga kumwuguza mama yake miaka ile ya mwisho.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

"Tumeshapoa." Akaketi, akasogeza kikapu. "Mama aliagiza uletewe hiki. Mimi nilitaka kuvitupa vilivyomo, lakini wasia ni wasia."

Nikafunua. Juu kabisa kilikuwa kinyoya changu, kile cha siku ile. Manyoya yake yalikuwa yamelika kwa kupapaswa, ndoana imekula kutu. Chini yake vilijaa vingine, vingi, nikavimwaga kwenye mkeka. Vilikuwa vibaya. Nisikufiche, vilikuwa vibaya kuliko vya Zahoro. Manyoya yamekwenda kombo, mafundo makubwa ya mtu asiyejua, uzi umekatika ukaungwa. Nikakichukua kimoja nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Nikachukua kingine. Nikachukua kingine tena, nikakisogeza karibu na macho nikautazama uzi.

"Unaona?" Hind akasema kwa uchungu. "Mama yangu, fundi vile, amefikia kufunga hivi. Ukimwambia pumzika, hataki. Kutwa yuko uani anafunga, anafumua. Na kila akianza alikuwa akisema, mkono wa Sitara, mkono wa Sitara. Mimi nikidhani anautaka mkono wako umsaidie. Namwambia, Mama, Sitara hayupo, alihama. Ananiambia najua."

Nikavipekua mpaka nikakipata nilichodhani ni cha mwisho. Kilikuwa karibu. Manyoya yalisimama, yalitazama mbele, na kooni palikuwa na kipande kidogo cha zari. Nikamshika Hind mkono, nikamwekea kinyoya kiganjani, kichwa kikimtazama, nikakichukua kidole gumba chake nikakipitisha kooni polepole, apate kuusikia uzi.

Akarudia mwenyewe, mara ya pili. Uso ukamkunjamana.

"Unakwenda kulia," akasema. "Mama alikuwa na shoto."

"Najua."

Akaendelea kukipapasa. Jirani alikuwa anatwanga, mchi unapiga, unanyamaza, unapiga. Nilikuwa na swali moja, na niliogopa kuliuliza.

"Na akimaliza," nikasema, "alikuwa akisemaje?"

Hind akafikiri.

"Akimaliza? Hakuwa akisema kitu," akajibu. "Akimaliza alikuwa ananyamaza tu."